Maswali ya maumbo kwenye usaili wa kazi: yanavyotungwa na njia ya kuyajibu

Kijana aliyeko Mchombe, Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba mkoani Morogoro, anaweza kuomba kazi kwa simu akiwa palepale kijijini. Shughuli huanza akiitwa kwenye usaili. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa na sharti linalojulikana: kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi. Kwa familia nyingi za bonde la Kilombero, pesa hiyo inatoka kwenye mpunga.

Halafu unafika, unapewa karatasi au kompyuta, unakuta miraba, duara na mishale. Swali ni moja tu: kinachofuata ni kipi?

Yanakutwa wapi?

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ipo kwa mujibu wa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002, ilivyorekebishwa na Sheria Na. 18 ya mwaka 2007. Kwa kawaida usaili wake huanza na mchujo, kisha mahojiano, na baadhi ya kada hufanya vitendo katikati. Mchujo huweza kuuliza mambo ya taaluma yako au kupima uwezo wa kufikiri. Maswali ya maumbo yamezoeleka zaidi kwa waajiri binafsi kama benki, kampuni za ukaguzi wa hesabu na mashirika ya kimataifa.

Yalianzia wapi?

Mwanasaikolojia wa Uingereza, John C. Raven, alichapisha jaribio lake la maumbo mwaka 1938. Jeshi la Uingereza likalitumia kupima askari wakati wa Vita Kuu ya Pili. Lengo lilikuwa kupima kufikiri bila kutegemea lugha wala masomo ya darasani.

Lakini mazingira yana nguvu. Huko Embu, Kenya, watoto walipimwa kwa jaribio la Raven mwaka 1984, na wengine wa umri uleule wakapimwa mwaka 1998. Kundi la pili lilipata alama za juu zaidi. Watafiti walihusisha hilo na lishe bora, elimu ya wazazi na familia kuwa ndogo. Kwa hiyo alama hizi siyo muhuri wa akili ya mtu. Anayeona maswali haya kwa mara ya kwanza siku ya usaili anashindana na aliyeyazoea.

Angalia kitu kimoja kwa wakati

Wengi hukwama kwa sababu wanatazama picha nzima. Ipasue. Jiulize kuhusu idadi, umbo, rangi, ukubwa, mahali na upande linakoelekea. Fuata kimoja mpaka mwisho, ndipo uhamie kingine.

Mfano wa 1:

● | ■■ | ●●● | ■■■■ | ?

Idadi inaongezeka moja moja, kwa hiyo inayofuata ni tano. Umbo linapokezana, duara kisha mraba, kwa hiyo sasa ni zamu ya duara. Jibu: ●●●●●

Mfano wa 2:

▲ | □ | ● | △ | ■ | ○ | ?

Hapa kanuni mbili zinakwenda kwa mwendo tofauti. Rangi inapokezana kila hatua: nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Maumbo yanajirudia baada ya matatu: pembetatu, mraba, duara. Ya saba inaangukia pembetatu, na rangi inaangukia nyeusi. Jibu: ▲

Anayesuka mkeka wa ukindu ameshazoea jambo hili. Rangi ina zamu yake, na ua nalo lina zamu yake.

Kanuni lazima ikubali kila mstari

Mfano wa 3:

● | ●● | ●●●
▲ | ▲▲▲ | ▲▲▲▲
■■ | ■■■ | ?

Mstari wa kwanza unashawishi useme "inaongezeka moja moja". Ijaribu kwenye mstari wa pili: kutoka moja inaruka hadi tatu. Kanuni imekufa. Jaribu nyingine: kisanduku cha kwanza jumlisha cha pili. Moja na mbili ni tatu, moja na tatu ni nne. Imekubali mistari yote miwili. Basi mbili na tatu ni tano. Jibu: ■■■■■

Ukishindwa kusoma kwa mlalo, soma kutoka juu kwenda chini. Mara nyingine picha mbili huwekwa moja juu ya nyingine, na mistari iliyomo kwenye zote mbili hufutwa. Ukiona jibu lina mistari michache kuliko picha zilizotangulia, jaribu njia hiyo.

Muda na majibu ya kuchagua

Huhitaji kuijua kanuni yote ndipo uanze kuchuja. Ukijua tu kwamba jibu lazima liwe jeusi, kata yote meupe. Machaguo matano yanaweza kubaki mawili, na kanuni ya pili ikamaliza kazi.

Soma maelekezo kwanza. Kama jibu baya halipunguzi alama, usiache swali tupu. Ukikwama, ruka, utarudi. Swali moja gumu lisikulie dakika za maswali matatu mepesi.

Mazoezi hayahitaji pesa

Chukua daftari, tunga maswali yako mwenyewe, mpe mwenzako ayafumbue. Anayetunga kanuni huitambua haraka akikutana nayo. Kukiwa na bando, mitandaoni kuna mifano ya bure. Pima muda kwa saa ya simu.

Anayekuuzia "majibu ya usaili" mkae naye mbali. Kuomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira hakulipiwi.

Kabla ya kupanda gari, hakikisha una kitambulisho na vyeti halisi, na majina yafanane kwenye nyaraka zote. Kuna wanaozuiwa mlangoni kwa sababu hiyo, nauli ikiwa imeshateketea na hata swali la kwanza hawajaliona.