Kazeh, miezi ya Mshtarii na sayari inayotokota

Boom halijaingia, chai na mihogo kama kawa, kwa hiyo leo nawaletea historia ambayo haimo kwenye madesa yetu. Watu wa Fizikia sogeeni, watu wa Historia msikimbie.

Tabora tunaifundisha hivi: pembe za ndovu, watumwa, Mirambo, halafu orodha ya Wazungu waliopita. Yote kweli. Ila kuna swali halijawahi kutoka kwenye mtihani: hao jamaa walijuaje wako wapi? Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua njia kwa siku za mwendo na kwa visima, na iliwatosha kabisa. London ndo walitaka namba.

Latitudo haikuwa tabu, unapima jua au nyota imepanda kiasi gani. Kasheshe ni longitudo. Dunia inajizungusha nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 1 kila dakika 4. Ukijua saa ya Greenwich na saa ya jua la hapo ulipo, tofauti yake ndiyo longitudo yako. Tabora tuko karibu nyuzi 32 na dakika 48 mashariki, maana yake tumeitangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 11. Saa ya serikali inasema 3, ndo maana hapa jua, kwa wastani, linafika juu kabisa saa saba kasoro dakika 11 mchana, siyo saa sita. Kaeni na kivuli cha mlingoti wa bendera mtaona wenyewe. Na ukikosea dakika 4 tu, umejihamisha kilomita 111!

Sasa Burton na Speke walifika Kazeh, eneo ambalo leo ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Saa zao za safari ziliwafia njiani. Speke akafunga risasi ya bunduki kwenye uzi wa inchi 39, karibu mita moja, akawa anahesabu ikibembea: kila mbembeo mmoja sekunde moja. Mimi hapo namvulia kofia, pamoja na mengine yote tunayoweza kumlaumu.

Lakini uzi unahesabu sekunde tu, haukwambii Greenwich ni saa ngapi. Kwa hilo unahitaji saa ya angani. Speke alitumia mwezi, akipima umekaa mbali kiasi gani na nyota fulani, kisha analinganisha na majedwali. Saa nyingine iliyokuwa kwenye majedwali hayo ni Mshtarii. Galileo aliona miezi yake minne mwaka 1610, na kila mwezi ukiingia kwenye kivuli cha Mshtarii unapotea kwa muda unaoweza kukokotolewa mapema. Yaani kitu kinapatwa angani, wewe uko porini, na tayari umejua Ulaya ni saa ngapi. Mwaka 1676 Rømer aligundua kupatwa huko kunawahi au kunachelewa kutegemea Mshtarii iko mbali kiasi gani nasi, akatambua kwamba mwanga nao unachukua muda kusafiri.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi, maana ujanja ni uleule hadi leo. Kuna sayari inaitwa WASP-18b, iligunduliwa 2009, iko umbali wa miaka ya mwanga kama 400. Ni jitu la gesi, uzito wake karibu mara 10 ya Mshtarii, na inaizunguka nyota yake kwa saa kama 23 tu. Mwaka wake mzima haufiki siku yetu moja! Darubini haiwezi kuiona kando ya nyota yake. Wanachofanya ni kusubiri ipite nyuma ya nyota na kupotea. Kabla haijapotea wanapima mwanga wa nyota na sayari pamoja, ikijificha wanapima nyota peke yake, halafu wanatoa. Kinachobaki ni sayari.

Chukulia mizani ya pembe pale Kazeh. Mpandishe mpagazi wa kilo 60 amevaa shanga, kisha avue, umpime tena. Shanga za gramu 60 ndiyo sayari: sehemu kama 1 kati ya 1,000. Vipimo vya kwanza vya namna hii kwa sayari za nyota nyingine vilitangazwa 2005, kwa darubini ya anga Spitzer. Mwaka 2023 ikaja kazi ya darubini James Webb juu ya WASP-18b. Waliugawa mwanga wake kwa rangi wakakuta mvuke wa maji kwenye angahewa. Tena, kwa kuwa sayari haijifichi mara moja bali kipande kwa kipande, waliweza kuchora ramani ya joto. Katikati ya upande wa mchana ni kama nyuzi 2,700 za Selsiasi, na kuelekea kingoni joto linashuka kwa nyuzi kama 1,000. Inaelekea upepo wa kule haulisambazi joto vizuri, na huenda usumaku wa sayari ndio unaoukwamisha.

Turudi nyumbani, maana kuna kinachoniuma. Sekstanti na saa zilisafiri na watu. Sidi Mubarak Bombay alikuwa kwenye safari ya Burton na Speke, ya Speke na Grant, ya Stanley na ya Cameron, na bado kwenye insha zetu anapata nusu mstari. Livingstone alikaa Kwihara, hapa jirani, hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi. Mwaka uliofuata, Oktoba, Chuma na Susi walifika hapo na mwili wake. Cameron aliwashauri wauzike, wakakataa. Vyombo vya kupimia vya marehemu Cameron akabaki navyo kwa safari yake mwenyewe, wao wakaendelea na mwili hadi Bagamoyo.

Kwenye mazoezi ya kufundisha nimeomba kidato cha pili, Jiografia, mada ya longitudo. Nitaenda na uzi, kokoto na zile shanga. Mwenye darubini ya mkono aniazime, miezi ya Mshtarii inaonekana nayo.