Kishona nguo

Pita njia ya shamba kati ya Mbinga na Mbamba Bay mvua zinapokatika, kisha tazama pindo la suruali yako. Vijiti vyeusi vilivyonasa hapo ndivyo vilivyoupa mmea jina. Limeundwa kama kifungua kinywa na kipima joto: kitenzi, kisha kinachotendwa, wingi wake vishona nguo. Jina limeliruka ua lenyewe, nami naona limelionea, maana ni zuri: kitovu cha njano, petali nyeupe chache, pengine hazipo kabisa. Shina lina pembe nne. Kila mbegu ina miiba miwili au mitatu. Usikichanganye na alizeti mwitu, ndefu, ya njano tupu. Vyote viwili asili yake ni Amerika.

Wamatengo, wakulima wa huko Mbinga, hufukia nyasi na magugu kwenye ngoro, mashamba yao ya mashimo, yakawa mbolea, lakini kishona nguo kinafaa hata sufuriani: majani machanga ni mboga. Ukikiotesha nyumbani, nyunyiza mbegu juujuu, kwani hupenda mwanga. Kata maua kabla hayajakauka, la sivyo jirani atashonewa bila kuomba.