Kabla hatujapandisha ukuta wa wodi

Ukiitaja Bariadi mbele ya watu wa Dar es Salaam, wengi watakuuliza habari za Gamboshi na uchawi wake, na wachache watakuuliza bei ya pamba. Uchawi siujui, na pamba nimekwisha kuizungumza mpaka wengine wamechoka. Leo nataka tuzungumze habari ya madirisha.

Sababu ni hii. Wakati wa kiangazi nilimsindikiza shangazi yangu kwenye kituo kimoja cha afya mkoani Simiyu, ambacho sitakitaja jina. Jengo lilikuwa jipya kabisa, vigae sakafuni vinang'aa, dari ya jipsamu nyeupe, madirisha ya alumini ya kuteleza. Ilikuwa saa nane mchana, na jua la kwetu mnalifahamu wenyewe. Mahali pa kusubiri palikuwa korido yenye vyumba huku na huku. Watu wamebanana kwenye mabenchi wanajipepea kwa kadi za kliniki. Mzee mmoja alikuwa akikohoa kile kikohozi kizito cha miezi mingi, na ubavuni kwake ameketi mama amepakata mtoto mchanga. Dirisha la kuteleza, hata ulifungue lote, hufunguka nusu tu, kwa maana kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Na hiyo nusu yenyewe ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vumbi.

Akatoka muuguzi mmoja, mama wa makamo, akasema: "Wanaokohoa wote twendeni nje, tukakae chini ya mwarobaini. Na wewe babu, njoo, nitakuita huko huko." Vijana wawili wakabeba benchi. Baadaye nilimwuliza kama kuna mwongozo uliomwagiza kufanya vile. Akacheka, akasema: "Mwongozo upo, kaka, lakini mimi nilianza siku tulipohamia humu. Kule kwenye jengo la zamani hatukuwa na haja ya kutoka."

Jengo la zamani liko pale pale, nyuma, sasa ni stoo. Lina baraza pana pande mbili, dari iko juu, madirisha ya mbao yanafunguka yote, na chini ya paa kuna safu ya matofali yenye matundu. Nilisimama ndani yake pamoja na magunia na vitanda vibovu, nikahisi upepo shingoni.

Sasa, suala hili la hewa ya wodi lina historia ndefu, na si historia iliyonyooka. Katika vita vya Crimea, Waingereza walikuwa na hospitali kubwa ya kijeshi huko Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul. Florence Nightingale na wauguzi wake walifika hapo Novemba 1854. Wengi wetu tulifundishwa kwamba alifika na taa yake na vifo vikapungua. Haikuwa hivyo. Vifo viliongezeka, na Februari 1855 kiwango chake kilifika kama asilimia 42. Mwezi Machi ikaja tume ya usafi. Ikazibua mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya jengo, ikaondoa mizoga, ikatoboa njia za hewa. Kufikia Juni kiwango kilikuwa kama asilimia 2. Nightingale mwenyewe alidhani kilichokuwa kikiwaua askari ni lishe mbaya na uchovu wa vitani. Ni aliporudi Uingereza, akakaa na mtaalamu wa takwimu William Farr wakazipanga zile hesabu za vifo, ndipo alipotambua kwamba jengo nalo lilikuwa likiua. Mwaka 1859 akatoa kitabu kuhusu hospitali, na wodi ndefu zenye madirisha yanayotazamana pande zote mbili zikaenea duniani.

Ajabu yake ni kwamba nadharia aliyoiamini haikuwa sahihi. Yeye na wenzake waliamini kwamba maradhi huletwa na harufu mbaya ya hewa. Vijidudu vya kifua kikuu vilitangazwa na Robert Koch mwaka 1882 tu. Lakini hesabu zilikuwa za kweli, na madirisha yakafaa.

Huyu Koch alifika hapa kwetu. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria, na alishughulikia pia habari za tauni huko Bukoba. Mwaka ule ule wa 1897 Wajerumani walifungua hospitali yao ufukweni, ile tuliyoizoea kwa jina la Ocean Road na ambayo sasa ni taasisi ya saratani. Ukiitazama utaona walijua walichokuwa wakifanya: baraza ndefu, vyumba virefu kwenda juu, na upepo wa bahari unapita. Lakini ilikuwa hospitali ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Kwa hiyo hata hewa safi iligawanywa kwa rangi ya ngozi, na jambo hilo tusilisahau tunapoyasifu majengo ya kikoloni.

Huku kwetu Usukumani, wamisionari wa Africa Inland walianza kazi Kolandoto, karibu na Shinyanga, mwaka 1913. Baadaye sana, mwaka 1971, ikafunguliwa Bugando juu ya mlima wa mawe pale Mwanza, ghorofa juu ya ghorofa, na mpaka leo mgonjwa aliyeshindikana Bariadi hupakiwa garini kupitia Lamadi kwenda huko. Katikati ya miaka hiyo dunia ilikuwa imebadilika. Dawa za kuua vijidudu vya kifua kikuu zilipatikana kuanzia miaka ya 1940, hofu ikapungua, na wachora ramani wa majengo wakaanza kushusha dari na kupunguza madirisha. Penye umeme wa uhakika, mashine ikachukua kazi ya upepo. Pasipo na umeme wa uhakika, umbo la jengo liliigwa lakini mashine haikuja. Hapo ndipo tulipoumia sisi.

Mwaka 2007 watafiti waliokuwa Lima, mji mkuu wa Peru, walichapisha matokeo ya kazi ambayo ningependa kila mjumbe wa kamati ya ujenzi asomewe. Walikwenda katika hospitali 8, wakapima vyumba 70 vinavyotegemea upepo, kuona kwa saa moja hewa yote ya chumba hubadilishwa mara ngapi. Katika majengo ya kabla ya mwaka 1950, yale yenye dari za juu na madirisha makubwa, madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ilibadilika mara 40 kwa saa. Katika majengo mapya zaidi, mara 17. Vyumba vya kisasa vyenye mashine vilihesabiwa kwa kiwango kilichopendekezwa, yaani mara 12. Kisha wakakadiria: watu wakikaa saa 24 na wagonjwa wa kifua kikuu wasiotibiwa, wangapi wataambukizwa? Katika majengo ya zamani asilimia 11, katika mapya asilimia 33, na penye mashine asilimia 39. Jengo la bei nafuu lilishinda.

Mtu anaweza kusema hayo ni makadirio. Basi tuje Afrika. Huko Tugela Ferry, katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006 waligunduliwa wagonjwa 53 wenye kifua kikuu kilichokuwa sugu kwa karibu dawa zote. Walikufa 52. Wengi wao walikuwa wamewahi kulazwa hospitalini siku za nyuma kwa shida nyingine, na uchunguzi ulionyesha dalili kwamba maambukizi yalikuwa yakipita ndani ya hospitali. Mtu amekwenda kutafuta uzima, akarudi na kifo kifuani.

Majirani zetu wa Rwanda walilisikia funzo hilo. Hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, ilifunguliwa Januari 2011, kazi ya serikali yao pamoja na shirika la Partners In Health na wachora ramani wa MASS Design Group. Hawakuweka korido ndani. Wagonjwa hupita na kusubiri nje, kwenye baraza. Wodi zina madirisha pande zote, na mapangaboi makubwa mno yanayozunguka polepole kuipandisha hewa juu, ambako kuna taa maalumu za kuua vijidudu. Vitanda vimeegemezwa kwenye ukuta mfupi wa katikati, ili mgonjwa atazame nje, vilimani.

Hilo la kutazama nje lina utafiti wake pia. Mwaka 1984 Mmarekani Roger Ulrich alichapisha ulinganisho wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospital moja ya Pennsylvania. Nusu yao walitazama miti, nusu walitazama ukuta wa matofali. Wa miti waliruhusiwa mapema kidogo, siku 7.96 kwa 8.70, na waliomba dawa kali za maumivu kwa uchache. Wanyantuzu hawakupimwa, lakini nina shaka kama kuna mti utakaomponya mzee wa Bariadi upesi kuliko kuona ng'ombe wake wanapita.

Sisemi tuinakili Butaro. Kule ni milimani, kuna baridi, na hapa tuna joto, vumbi na mbu. Dirisha kubwa bila wavu wa mbu ni kubadilishana kifua kikuu na malaria, na wavu nao hupunguza upepo, kwa hiyo dirisha lapaswa kuwa kubwa zaidi. Hayo yanapimika. Huko Mtwara watafiti wamejenga nyumba 110 za majaribio, vyumba vya kulala viko ghorofani kwa sababu mbu wengi huruka karibu na ardhi. Basi kama nyumba ya mkulima inaweza kufanyiwa utafiti, zahanati inashindwa nini?

Na tusidhani ni hewa peke yake. Mwaka 2014 walichapisha wengine waliochunguza maji na vyoo mahali wanapojifungulia wanawake wa Tanzania. Waliona kwamba mwaka 2010 watoto waliozaliwa mahali penye maji na choo salama hawakufika theluthi moja, tukihesabu nyumbani na vituoni pamoja. Bomba linalofika chumba cha kujifungulia ni sehemu ya ramani, wala si pambo la kuongezwa fedha zikibaki. Kadhalika jengo la mama ngojea: mwanamke wa Meatu ndanindani hawezi kusubiri uchungu umshike ndipo atafute usafiri.

Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, na tangu hapo tumejenga sana. Kuanzia 2017 serikali ilipeleka kati ya shilingi milioni 400 na 500 kwa kila kituo cha afya kilichopanuliwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, mafundi wetu wenyewe wakajenga. Mwaka 2021 zikaja zile trilioni 1.3 za mkopo wa UVIKO. Wananchi nao wanapandisha maboma ya zahanati kwa michango yao. Ni kazi ya kusifiwa, nami naisifu. Lakini ramani ya mfano inayotoka Dodoma ni ile ile kwa Bukoba ya mvua na kwa Bariadi ya jua. Na jengo likishakabidhiwa na utepe kukatwa, ni nadra mtu arudi baada ya mwaka na kipimajoto na karatasi kumwuliza muuguzi: humu mnaishije?

Yule muuguzi wangu hajaulizwa. Nilipokuwa naondoka na shangazi, alinionyesha mahali patakapojengwa wodi mpya ya wanaume. Vigingi vimekwisha kupigwa na kamba imevutwa. Kamba hiyo inapita katikati ya mwarobaini, na shina lake limepakwa alama ya rangi nyekundu.