Mbwa anayechafua nyumba na kurukia wageni

Mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, mtoto wa mbwa huchukia kutoka nje, akajisaidia barazani au jikoni. Wengi humchapa. Kipigo hakimfundishi mahali panapofaa. Humfundisha kujificha anapojisaidia.

Mbwa wa miezi miwili hawezi kuzuia mkojo kwa muda mrefu. Mtoe mara aamkapo, amalizapo kula na baada ya kucheza, umpeleke mahali pale pale, tuseme chini ya migomba inayokinga mvua, mbali na bustani ya mboga, kwa kuwa kinyesi chake huweza kubeba minyoo inayodhuru watoto. Akimaliza, mpe kipande cha chakula papo hapo. Ukingoja mrudi ndani, umechelewa.

Kurukia watu ni jambo zito zaidi. Mbwa mwenye furaha humwangusha mtoto, na mkwaruzo wake huzua hofu ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaonekana ni nadra mno mtu kupona. Akiruka, usimsukume wala kumfokea, kwani kwake huo ni mchezo. Mpe mgongo, ukae kimya. Atakapoweka miguu yote minne chini, ndipo umsalimie. Nyumba nzima ifanye hivyo: mmoja akimchekea, kazi huanza upya. Wageni wakija, afungwe kamba kwanza.

Chanjo ya kichaa isikosekane. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.