Sony a6000 au Sony a6400? Kabla parokia haijatoa makuta ya kamera

Kamati nyingi za mawasiliano katika parokia zetu zinafika mahali pamoja. Korali imetoa sehemu yake, akina mama wametoa yao, vijana wameuza walichouza, na sasa ndugu mmoja anaonyesha picha mbili kwenye simu. Moja ni Sony a6000 ya okazi. Nyingine ni Sony a6400. Ukiziangalia kwa mbali zinafanana kama mapacha, lakini bei zake hazifanani, na mweka hazina anauliza: tofauti hii ya dola inanunua nini?

Swali lake ni la haki. Makuta hayo yametoka kwa watu ambao wengine wamelala njaa ili watoe. Kwa hiyo tuzilinganishe kamera hizi mbili kwa kazi ambazo kanisa linafanya kweli, tukiacha maneno ya matangazo.

Kwanza, zote mbili ni kamera zisizo na kioo ndani. Katika kamera kubwa za zamani, kioo kilirudisha mwanga juu ili mpigapicha aone kwa jicho, kisha kikainuka wakati wa kupiga. Hapa kioo hakipo: mwanga unaanguka moja kwa moja kwenye kipokea mwanga, na mpigapicha anaona picha kwenye skrini au kwenye kioo kidogo cha elektroniki cha kuchungulia. Ndiyo maana ni nyepesi. a6000 ina gramu 344 pamoja na batri na kadi, a6400 ina gramu 403. Mwinjilisti anayepanda mlima kwa miguu kwenda kutembelea chapeli za mbali hatalalamika kuhusu yoyote kati ya hizo.

a6000 ilitangazwa mwaka 2014, a6400 mwaka 2019. Kati yao kuna miaka mitano tu, lakini katika miaka hiyo mambo ya video yalibadilika sana, na mambo ya picha yalibadilika kidogo. Ukishika hilo umeshika karibu kila kitu.

Kwa picha za kawaida

Kamera zote mbili zina kipokea mwanga cha ukubwa uleule, takriban milimita 23.5 kwa 15.6, na zote zina megapikseli 24. Picha moja ina nukta 6000 kwa 4000. Ukiichapisha vizuri unapata karatasi ya sentimita 50 kwa 34 bila kupoteza ubora. Ni nani kati yetu anayechapisha picha kubwa kuliko hiyo? Picha za ubatizo, za ndoa, za kuwekwa wakfu kwa wachungaji, za jengo jipya la kutuma kwa wafadhili: a6000 inazifanya zote, na mtu anayeziona kwenye WhatsApp hawezi kujua zimepigwa na ipi.

Kasi pia ni ileile, picha 11 kwa sekunde. Tofauti iko katika kulenga. a6000 ina vituo 179 vya kulengea, a6400 ina 425, tena hii ya pili inatambua jicho la mtu na kulifuata hata akitembea. Kwa mtoto anayecheza au korali inayoingia kwa hatua za kucheza, a6400 itakupa picha nyingi zaidi zilizo wazi. a6400 pia inaweza kupiga bila sauti yoyote, wakati a6000 inatoa mlio kila mara. Mimi ninaliona hili kuwa kubwa kuliko wanavyoliona wauzaji: mlio huo katikati ya maombi ya toba, au mbele ya jeneza, unawasumbua watu.

Lakini shida kubwa ya picha katika makanisa yetu ni giza. Madirisha ni madogo, taa ni mbili au tatu, na ikiwa umeme umekatika kinachobaki ni mwanga wa mlangoni. Wengi wanafikiri kamera mpya ndiyo dawa. a6400 inavumilia giza zaidi kidogo, ndiyo, lakini dawa yenyewe ni lenzi. Lenzi ndogo ya 16-50 inayouzwa pamoja na kamera hizi, ukiivuta hadi mwisho, inafunguka f/5.6 tu. Lenzi ya Sony ya milimita 50 inafunguka f/1.8, na kwa hesabu hiyo inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Ile ya Sigma ya milimita 30 yenye f/1.4 inaingiza mara kumi na sita. Hakuna kamera ya mwaka wowote inayokupa faida ya namna hiyo kwa kubadilisha mwili peke yake.

Kwa hiyo a6000 yenye lenzi ya f/1.8 itaishinda a6400 yenye lenzi ya 16-50 ndani ya kanisa lenye giza. Na lenzi haipotei: kamera zote mbili zinatumia mdomo uleule unaoitwa E, ambao Sony ilianza nao mwaka 2010. Ukinunua lenzi leo kwa a6000, kesho utaifunga kwenye a6400 au hata kwenye a6700 iliyotoka mwaka 2023. Batri pia ni ileile, NP-FW50, kwa a6000 na a6400. Parokia mbili jirani zinaweza kuazimana. (a6700 ina batri nyingine, kubwa zaidi, na bei yake ni nyingine pia. Tuiache.)

Kwa video na sauti

Hapa ndipo a6000 inapoanza kuzeeka.

Kosa lake la kwanza: haina tundu la mikrofoni. Unaweza kuifungia mikrofoni maalum ya Sony juu yake, mahali pa kufungia flashi, lakini kebo ya kawaida kutoka meza ya sauti haina pa kuingia. Mikrofoni yake ya ndani itasikia watoto wanaolia, benchi linalovutwa, mvua juu ya mabati, na mhubiri kwa mbali. a6400 ina tundu la milimita 3.5. Unaweza kuweka mikrofoni ndogo kwenye koti la mhubiri, au kuleta sauti kutoka meza ya sauti. Ukifanya hivyo ya pili, punguza nguvu kwanza. Sauti inayotoka kwenye meza ni kali kuliko ile ambayo tundu la mikrofoni linangojea, na isipopunguzwa itapasuka, na sauti iliyopasuka haitengenezeki tena kwenye kompyuta. a6400 nayo haina tundu la kusikilizia, basi jaribu dakika moja, icheze, isikilize, ndipo ibada ianze.

Ninasisitiza sauti kwa sababu ninajua nani anasikiliza. Ndugu zetu wengi hawako nyumbani. Wako Kampala, wako Nakivale, wako Bujumbura, wengine wako Marekani na Ulaya. Kuna familia ambazo mzee wao alizikwa huku na watoto hawakuweza kufika. Walichobaki nacho ni video ya ibada ya mazishi kwenye simu. Picha ikiwa na ukungu wanavumilia. Sauti ya baba mdogo akitaja majina ya watoto wa marehemu isiposikika, hakuna atakayeirudisha.

Kosa la pili: a6000 inasimamisha video baada ya dakika kama 29. Mhubiri wetu wa kawaida, nyinyi mnamfahamu, wakati huo ndiyo kwanza anaingia kwenye pointi ya pili. Lazima mtu asimame karibu na kamera na kubonyeza tena, na kila mara maneno machache yanapotea. a6400 haina mpaka huo. Itarekodi mpaka kadi ijae, batri iishe au mwili upate joto kupita kiasi. Hilo la joto si mchezo chini ya bati saa sita mchana: iweke kivulini, fungua mlango wa batri ukiwa unatumia umeme wa nje, na usirekodi 4K bila sababu.

Kuhusu hiyo 4K: a6400 inayo, a6000 haina, inaishia kwenye HD kamili. Watu wengi wananunua a6400 kwa sababu ya neno hilo. Kwa parokia nyingi haina kazi. Saa moja ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 za kadi, na ni nani atakayeipakia kwenye intaneti kwa megabaiti tunazonunua? Anayeipokea anaitazama kwenye kioo kidogo cha simu. HD kamili inatosha, na hapo kamera hizi mbili ziko sawa kwa macho ya wengi.

La tatu ni umeme. a6400 inaweza kufanya kazi huku ikipokea nguvu kwa kebo ya USB, maana yake pawabenki nzuri au paneli ya jua yenye betri inaweza kuibeba ibada nzima. a6000 inachajiwa kwa USB ikiwa imezimwa. Ikifanya kazi inategemea batri yake, au kifaa cha kuweka mahali pa batri chenye waya. Ukiichagua, nunua batri tatu.

Na skrini: ya a6400 inapinduka kumwangalia aliye mbele, na ukigusa uso wa mhubiri kamera itamfuata. Ya a6000 inainama juu na chini tu, haiguswi. Kwa mchungaji anayejirekodi peke yake ofisini, a6400 inamwokolea safari nyingi za kwenda na kurudi.

Kwa kupeleka ibada moja kwa moja kwenye Facebook au YouTube, zote mbili zina HDMI ndogo, na zote zinaweza kutoa picha safi isiyo na maandishi ya skrini. Kati ya kamera na kompyuta unahitaji kifaa kidogo cha kuingiza video kwa USB. Kwa kazi hii sauti haipiti lazima kwenye kamera, unaweza kuitoa kwenye meza ya sauti hadi kompyuta moja kwa moja, na hapo a6000 inapata heshima yake tena.

Jambo moja kwa zote mbili: taa nyingi zikiwaka kwa umeme wetu wa mzunguko wa 50, video inaweza kuonyesha mistari inayopanda na kushuka. Weka kasi ya 1/50 au 1/100 na mara nyingi mistari inaondoka. Na hakuna kati ya hizi yenye kitulizo cha mtikisiko ndani ya mwili. Stendi ya miguu mitatu ni ya lazima, si ya kufikiria baadaye.

Namna ninavyoamua

Kama kazi ni picha, ripoti, na video fupi za dakika tano, nunua a6000 na weka tofauti kwenye lenzi ya f/1.8. Bei za kutoka kiwandani zilikuwa dola 650 kwa mwili wa a6000 mwaka 2014 na dola 900 kwa a6400 mwaka 2019. Sokoni leo zinapanda na kushuka kwa hali ya mashine na kwa njia iliyopita, lakini a6000 ya okazi hubaki chini kwa mbali. Kama kazi ni mahubiri mazima, ushuhuda wa wazee, semina za siku tatu, toa makuta ya a6400, au ngojeni miezi michache mkusanye zaidi. Kuna njia ya katikati: a6000 pamoja na kinasa sauti cha pekee, hata simu nzuri mfukoni mwa mhubiri, kisha kuunganisha sauti na picha kwenye kompyuta. Mwanzoni mtu apige makofi mara moja mbele ya kamera ili pawepo alama ya kuunganishia. Inafanya kazi vizuri, mradi parokia ina kijana mwenye subira ya kufanya hivyo kila juma. Kama hayupo, msijidanganye.

Siku ya kununua ya okazi, nenda na kadi yako na kompyuta. Washa, fungua menyu. Kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani peke yake, na haibadiliki kuwa Kifaransa kwa njia ya kawaida. Nyingi zinafika huku kwa bei tamu. Funga lenzi hadi f/16, piga picha ya mbingu nyeupe, ikuze: madoa meusi ni vumbi juu ya kipokea mwanga. Vumbi linapulizwa kwa mpira wa mkono, kamwe si kwa mdomo. Doa lisiloondoka au mstari ni sababu ya kuiacha. Rekodi video dakika kumi. Tikisa kebo kwenye tundu la USB na la HDMI uone kama picha inakatika. Chukua faili moja ya picha, na kwa programu ya bure ya ExifTool kamera nyingi za Sony zitakuonyesha zimepiga mara ngapi. Batri iliyovimba usiichukue hata kwa zawadi.

Dai fakitire yenye jina la parokia, si jina la aliyetumwa. Andikeni namba ya mwili wa kamera, ile iliyo chini yake, katika daftari la mali ya kanisa siku hiyohiyo, pamoja na lenzi, batri na kadi, kila kitu na namba yake, na jina la anayekaa na funguo za kabati.