Uliniuliza mbele ya mwenyewe

Najua nimepotea, msinipige mawe. Nilikuwa likizo nyumbani Malinyi, na kule mvua ikianza mtandao nao unaaga.

Nilikwenda na kazi ya somo la mbinu za utafiti: dodoso la kurasa 2, nani anamiliki shamba na nani analilima. Nikaanza na bibi yangu mzaa baba. Nikajua hapo ni mteremko.

Swali la kwanza: mkuu wa kaya ni nani? Bibi akamtazama baba mdogo aliyekaa pembeni. "Andika baba yako huyu." Shamba la mpunga la nani? "La kwake." Nikaandika.

Jioni tukiwa jikoni tunachambua mchele, bibi akaanza stori. Shamba lile alilifyeka yeye na marehemu babu, na tangu babu afariki ni yeye anayelala dunguni kulinda ndege. Nikamuuliza, sasa mbona mchana ulisema vile? Akacheka. "Mjukuu wangu, uliniuliza mbele ya mwenyewe."

Aisee, sikulala vizuri. Mimi msomi wa historia nimeshika karatasi yenye uongo, na aliyeutengeneza ni mimi!

Nikaanza kuwaza jinsi watu walivyohesabiwa huko nyuma. Mwaka 1898 Wajerumani walileta kodi ya kibanda. Kilichohesabiwa ni kibanda, ili mwenye nacho alipe. Waingereza nao wakaendelea hivyo hivyo, na mwanaume mwenye wake kadhaa akadaiwa kwa vibanda vyao pia. Mwanamke akaingia kitabuni kama deni la mumewe. Ile hesabu ilikuwa ya kukamua, na hakuna aliyemuuliza kama anakubali kuandikwa.

Baadaye bonde letu likapata hesabu ya aina nyingine. Mwaka 1957 Waswisi walifungua maabara Ifakara, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kuanzia 1996 watu wa vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga waliandikwa kaya kwa kaya (enzi hizo Malinyi ilikuwa ndani ya Ulanga), halafu wadodosaji wakawa wanarudi kila miezi 4: nani ana mimba, nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama. Kwetu mimba changa haitangazwi ovyo, kwa hiyo mama aliyeitaja alikuwa anatoa siri yake.

Ila siri ile ilimrudia ikiwa na faida. Kuanzia 1997 mradi wa vyandarua vyenye dawa ulitoa vocha za punguzo kwa wajawazito na wenye watoto wadogo. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kuwa vyandarua hivyo viliendana na ongezeko la asilimia 27 la kuishi kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4. Mwaka 2004 Hati Punguzo ikaanza kama mpango wa taifa. Jamani, hiyo ndiyo takwimu ninayoielewa mimi: unachukua neno la mama, unamrudishia kitu.

Turudi kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Miaka ya 2016 hadi 2019 Kilombero, Ulanga na Malinyi zilikuwa wilaya za majaribio za programu kubwa ya kupima mashamba na kutoa hati za hakimiliki ya kimila, na hati moja inaweza kubeba majina ya mke na mume. Safi sana. Lakini sheria haiwezi kuandika jina ambalo mwenyewe ameogopa kulitaja.

Kesho yake nikaanza upya. Kila mtu nikamhoji peke yake, wanaume kwa wanawake. Nikawaambia hii ni kazi ya chuo tu, hakuna hela wala mbolea, na kukataa ruksa. Majina nikafuta, nikaweka namba. Majibu mengine yalibadilika kabisa.

Bibi nilimuuliza niandike jibu lipi. Akasema, "Ya jikoni usiandike. Nitayasema mwenyewe nikiwa tayari." Roho iliniuma, maana ndilo lilikuwa jibu bora kuliko yote. Nikaandika "hakujibu". Kama maksi zitakatwa, basi.

Wenzangu wa elimu, hili linatuhusu. Tukienda mafunzo ya vitendo tutakutana na mabinti waliorudi shule baada ya kujifungua, ruhusa iliyotolewa Novemba 2021. Ukitaka takwimu zao, usimsimamishe binti mbele ya darasa. Jiulize kwanza atapata nini yeye, na nani atakayeiona ile karatasi.

Juzi bibi kanipigia. Ameshamwambia baba mdogo kwamba shamba ni lake na hati anataka iandikwe jina lake. Baba mdogo kanuna wiki nzima, hawajamaliza. Nikamsomea haya yote kwenye simu, akasema sasa andika, ila jina langu usiweke.

Sijaweka. Haya wadau, nakimbilia foleni ya wali maharage. Tuonane kwenye maoni.