Kumbukumbu Moja, Mashine Nyingi: Historia Fupi kwa Mifano ya Mwalo wa Rumonge

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kumbukumbu ya kompyuta moja inavyogawiwa mashine pepe kadhaa, na jinsi ugawaji huo ulivyoanza. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake yenyewe: ni programu inayojifanya kompyuta kamili ndani ya kompyuta halisi. Tumeteua neno "pepe" kwa kuwa msomaji amekwisha kulizoea katika "barua pepe". Mifano tumeichukua mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, hasa Rumonge, mji ambao Kiswahili ni lugha ya soko na ya mwalo.

Tuanze mwaloni. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufaa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu vyombo vingi hupumzika. Kwa hiyo kuna majuma ambayo samaki humwagika, na kuna majuma ambayo hakuna cha kuanika. Zamani ndagala walianikwa mchangani. Mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilianza kufundisha matumizi ya vichanja vya waya vilivyoinuliwa juu ya ardhi katika vijiji vya Mvugo na Muguruka, kusini mwa Rumonge. Tuseme basi kichanja kimoja kina nafasi ya ndoo 10, na mwenyewe amewaahidi wachuuzi watano, kila mmoja ndoo 10. Ameahidi 50 akiwa na 10. Wakija siku mbalimbali, hakuna atakayejua.

Ahadi ya namna hiyo ndiyo iliyozaa mashine pepe. Mnamo Januari 1967, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya IBM mjini Cambridge, Massachusetts, kikundi kilichoongozwa na Robert Creasy kilianza kutumia mfumo ulioitwa CP-40. Kompyuta yao ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 256 tu. Mfumo uliweza kuendesha mashine pepe 14, na kila moja iliambiwa kwamba ina kilobaiti 256, yaani kompyuta nzima! Ukijumlisha ahadi zote unapata kilobaiti 3,584. Siri ilikuwa kuikata kumbukumbu katika vipande vidogo viitwavyo kurasa. Ukurasa unaotumika hukaa katika kumbukumbu, usiotumika hupelekwa kwenye diski hadi utakapoitwa tena. Tarehe 2 Agosti 1972 IBM ilitangaza mfumo wa VM/370, na mbinu iliyokuwa ya watafiti ikawa bidhaa ya wateja wote.

Lakini diski ni ya polepole mno ikilinganishwa na kumbukumbu. Mashine zote zikidai kurasa zao kwa pamoja, kompyuta hushinda ikihamisha kurasa huku na huku, na kazi yenyewe haisogei. Mwaka 1968 Peter Denning alieleza chanzo cha mahangaiko hayo: kila programu ina fungu la kurasa inazozihitaji kwa wakati fulani, na jumla ya mafungu hayo ikizidi kumbukumbu iliyopo, dawa ni kupunguza idadi ya programu. Ni sawa na mchuuzi anayewaanua ndagala wabichi wa mwenzake ili aanike wake, kisha mwenzake naye arudi kufanya vivyo hivyo. Jioni wote wawili wana samaki waliooza.

Sehemu inayotuvutia zaidi ni ya mwaka 2002, Carl Waldspurger wa kampuni ya VMware alipoeleza mbinu za mfumo wao wa ESX. Tatizo lilikuwa hili: msimamizi wa mashine zote anataka kurudisha kumbukumbu kutoka kwa mashine mojawapo, ila hajui ni kurasa zipi hazina kazi. Anayejua ni mashine yenyewe, nayo haijui kwamba ni pepe. Basi hupandikizwa ndani yake programu ndogo iitwayo puto. Puto likijazwa, linadai kumbukumbu kama programu nyingine yoyote. Mashine, ikidhani imebanwa na programu zake yenyewe, huachia kurasa isizozihitaji, na msimamizi huzichukua akampa mwingine. Ni ulaghai, lakini unamwachia mwenye mali achague cha kutoa, na kwa maoni yetu huo ni uungwana kuliko kumpokonya kwa kubahatisha. Waldspurger aliongeza kodi: mashine inayokalia kumbukumbu bila kuitumia huhesabiwa gharama kubwa zaidi, na hunyang'anywa mapema.

Je, mbinu hizi zinatosha? Hapa mwalo unatufundisha jambo ambalo maelezo mengi ya kompyuta huligusia juujuu. Wachuuzi wetu watano hawaji siku mbalimbali. Giza la mwezi ni lao wote, kwa hiyo huja asubuhi ileile. Chuo nacho kina giza lake. Mashine pepe ya matokeo, ya usajili na ya maktaba zikiwekwa kwenye kompyuta moja, hukaa kimya miezi mingi, kisha zote huamka wiki ya mitihani. Wiki hiyo puto halina cha kukusanya, na kodi haina wa kutozwa, maana hakuna aliyekaa bure. Anayenunua kompyuta kwa kutazama wastani wa matumizi ya mwaka mzima amehesabu vichanja wakati wa mbalamwezi.

Mfumo wa ESX wenyewe ulikuwa na kinga dhidi ya hali hiyo, ingawa husahaulika kwa kuwa haina mvuto wa puto. Kila mashine huandikiwa kima cha chini cha kumbukumbu kisichoguswa, na kima cha juu. Kabla ya kuwasha mashine mpya, msimamizi hukagua kama kima chake cha chini kipo kweli katika kumbukumbu, na kama diski ina nafasi ya kubeba tofauti kati ya vima hivyo viwili. Visipokuwapo, mashine haiwashwi, hata kama wakati huo nyingine zote zimelala.